Unga wa Mbao Ndani ya Giaboksi

Gari lenyewe lilikuwa boksibodi: kabini ya bati mbele, na nyuma sanduku la mbao lenye mabenchi mawili ya kutazamana. Lilikuwa kuukuu tangu kabla ya vita. Nilipolijua mimi, vita vimekwisha, askari wamerudi nami nimerudi nao, na gari limeshapita mikono ya mabwana wanne au watano. Rangi yake usingeweza kuitaja. Injini ilikuwa nzima. Breki zake zilikuwa za kuvutwa kwa waya, za kukanyaga kwa nguvu zako zote kisha ukamwomba Mungu. Lakini maradhi hasa yalikuwa kwenye giaboksi.

Nilikuwa fundi katika gereji ya mabati pale Changamwe, ng'ambo ya reli. Ufundi niliupata jeshini, katika kikosi cha malori, na mwenye gereji alinichukua kwa sababu hiyo. Alikuwa mtu wa maneno machache, kazi yake kununua magari mabovu na kuyauza yakiwa yanatembea. Siku alipolileta boksibodi lile nililisikia kabla sijaliona. Kwenye gia ya kwanza lilikoroma. Kwenye gia ya pili likalia sauti nyembamba, ya juu, isiyokatika, kama nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo. Asiyejua angesema ni uzee tu. Mimi nilijua kwamba beringi ya shafti imelika, shafti haina pa kushikwa, na meno ya gia ya pili yanakutana kwa ncha badala ya kuumana sawasawa.

Nilifungua kifuniko nikatia mkono. Meno yalikuwa yamechongoka kama ya papa. Shafti nayo, ukiisukuma kwa kidole gumba, ilipanda na kushuka.

"Gia hii itaruka," nikamwambia mwenye gereji. "Leo au mwezi ujao, itaruka yenyewe kwenye mteremko. Na beringi ikipasuka, vipande vitaingia baina ya meno, na magurudumu ya nyuma yatakwama."

"Vipuri vipo?"

"Havipo. Tangu vita havijaja. Labda nikatafute kwenye magari mabovu ya jeshi, nichonge, nijaribishe."

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu. Pengine nne."

Alikwenda nyuma ya gereji, walipokuwa watu wakipasua mbao za makasha, akarudi na debe dogo la unga wa mbao. Akaliweka miguuni pangu.

"Changanya na grisi nzito, umimine humo," akasema. "Halafu nambie kama litalia."

Ujanja ule sikuwa mgeni nao. Huko vitani Bama tulipokea lori lililotiwa unga wa mbao na mtu aliyetaka lipite ukaguzi. Lilikuwa kimya kabisa, dereva akalisifu. Siku ya tatu lilikuwa likishuka mlima, na halikufika chini kwa magurudumu. Nilikuwa mmoja wa waliochimba makaburi mawili kando ya barabara ile. Kwa hiyo nisije nikasema sikujua. Nilijua, na kwa macho yangu.

Lakini kila asubuhi langoni pale gereji walisimama wanaume watatu wanne waliotoka jeshini kama mimi, wenye mikono kama yangu, wakingoja mmoja wetu ashindwe kazi. Nami nilikuwa nimeoa mwaka ule. Nikachukua debe nikachanganya. Nilikoroga kwa kipande cha fito mpaka ikawa kama uji wa ulezi, nikamimina, nikafunga kifuniko, nikakaza nati moja moja. Tulipoliwasha na kulizungusha uwanjani halikulia hata kidogo. Mwenye gereji akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Mimi nilibaki nimeshika usukani, nikisikiliza kimya kile.

Nilijiambia litauzwa kwa mtu wa mbali.

Haikupita wiki, nikiwa chini ya lori jingine, nikaona viatu vya makubadhi ninavyovijua vimesimama ubavuni. Nikatoka. Alikuwa mkwe wangu, babake mke wangu, mzee wa Jomvu Kuu aliyekuwa akifanya biashara ya nazi na boriti. Alikuwa amevaa kanzu safi ya kwenda mjini. Mwanawe wa kiume, shemeji yangu, alikuwa ameshaingia ndani ya boksibodi na kushika usukani. Yeye pia alikuwa dereva jeshini, na tangu arudi alikuwa hana gari la kuendesha.

"Sabalkheri, baba."

"Sabalkheri, mwanangu. Ni wewe kweli ndani ya matope hayo?" Akacheka, akanipa mkono nami nimejaa grisi, hakujali. Kisha akanivuta pembeni kidogo, ingawa mwenye gereji alikuwa amesimama karibu anatusikia. "Huko mjini wameniambia nisinunue gari Changamwe, kwani mafundi wa huku ni waongo. Nikawaambia mimi nina mtoto wangu kule. Haya, nambia. Wewe ndiwe ujuaye. Gari hili lina nini?"

Mwenye gereji alikuwa akinitazama. Shemeji alikuwa akicheka peke yake mle ndani, akibadilisha gia, gari limesimama.

"Halina neno, baba," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema mzee, na akanigusa bega.

Basi likaenda Jomvu Kuu. Siku zile barabara ya kwenda mjini, kisiwani, ilipita karibu na gereji yetu, na kila asubuhi shemeji alipita na mzigo wa nazi au boriti, abiria wawili watatu juu yake, akapiga honi kunisalimia. Mimi nilisimama na spana mkononi, si kwa kumwitikia, bali kwa kusikiliza. Wiki ya kwanza palikuwa kimya. Wiki ya pili kimya. Wiki ya tatu, alipokuwa akibadilisha gia ili apande kile kimlima cha kuelekea relini, nilisikia mwanzo wa sauti, mdogo sana, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Wenzangu hawakuisikia. Niliwauliza, wakanitazama kama mgonjwa.

Unga ulikuwa unafanya kazi yake ya pili. Ukishaziba sauti huziba na njia za oili. Hukauka, hushikamana kwenye beringi, na chuma hubaki kinasagana na chuma mwenzake kikavu. Kadiri gari linavyokaa kimya ndivyo linavyokufa ndani.

Nilianza kuota beringi. Nilikuwa nikila na mke wangu nasahau tonge mkononi. Aliniuliza kama nina homa, nikamwambia ni uchovu wa kazi. Ijumaa moja, tulipotoka msikitini Jomvu, nilimshika shemeji mkono.

"Nipe gari siku moja tu. Nibadilishe oili."

"Oili ina nini?"

"Gari la zamani hubadilishwa oili. Ni kawaida."

"Baba hataki," akasema. "Anasema gari halilii wala halikohoi, kwa nini tulipasue?" Kisha akapunguza sauti. "Lakini ile gia ya pili, shemeji, imeanza uhuni. Nikishuka mteremko inaruka. Njoo uone nilivyoifanya."

Akanipeleka mpaka gari lilipoegeshwa. Alikuwa amefunga kitanzi cha ukambaa chini ya kiti, na kila anapotia gia ya pili alikivisha kitanzi kile kwenye mkono wa gia ili usirudi. Alikuwa anajivunia. Alinionyesha mara mbili, anavisha, anavua.

"Shemeji, usiliendeshe gari hili."

"Kwa sababu ya gia kuruka? Jeshini tumeendesha magari yasiyo na gia ya pili kabisa!"

"Lilete Jumatatu. Nakuomba."

"Baada ya harusi, inshallah," akasema. "Jumapili tunawapeleka kina mama Mtongwe. Wallahi nikimnyima mama gari siku ile atanilaani."

Nilikuwa nimeisahau harusi. Binti wa shangazi yake mke wangu alikuwa anaolewa Mtongwe, upande wa Likoni. Mkwe wangu na wazee wenzake wangetangulia Jumamosi. Wanawake wangekwenda na boksibodi Jumapili asubuhi, mke wangu akiwa miongoni mwao, na ili ufike Likoni huna budi kuvuka feri, na ili uingie ferini huna budi kushuka gati lenye mteremko, liwe la upande huu au la upande ule.

Jumamosi jioni nilimwambia mke wangu twende sisi wawili kwa basi. Alikuwa anakunja leso zake.

"Gari la babangu lipo, nipande la watu?" akasema. "Watu watasemaje?"

Nikasema, "Basi nitakwenda nanyi."

Nilikaa mbele, ubavuni mwa shemeji, na nilipofika tu niliuondoa ule ukambaa nikaushika mkono wa gia mwenyewe. Shemeji alinicheka njia nzima. Nyuma wanawake walikuwa wakiimba na kupiga vigelegele. Mimi nilikuwa nikiisikia giaboksi kwa kiganja: kutetemeka kwa haraka haraka, na kila baada ya muda kishindo kidogo, kama kokoto inayopita baina ya meno ya mtu anayekula wali. Tulipofika gati la upande wa kisiwani nilimwambia atie gia ya kwanza, tukashuka taratibu kuliko mchukuzi mwenye mzigo wa mayai, na mkono wangu wote ukafa ganzi kwa kukaza. Gia ilishika. Tulipopanda upande wa Likoni nilikuwa nimelowa jasho mpaka kiunoni. Nikamshukuru Mungu, na nikajiapiza kwamba kesho, liwe liwalo, nitalifungua.

Harusi ilikuwa nzuri, nasikia. Mimi sikumbuki nilichokula.

Alasiri tukaanza kurudi. Mkwe wangu alikuwa amechoka, goti lake la kushoto limevimba kwa kukaa mkekani siku mbili, kwa hiyo yeye ndiye aliyepanda mbele, na baina yake na mwanawe pakawekwa kapu la vyombo na sinia za halua. Mimi nikaenda nyuma na wanawake. Nisingeweza kumwambia mkwe wangu aondoke kitini.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mwenye kulijua gati la Likoni la siku zile anajua maana yake. Maji yakijaa, gati ni fupi. Yakipwa, mteremko unaendelea chini mpaka kwenye mawe ambayo kutwa yalikuwa ndani ya maji, yana mwani, yanateleza kama sabuni. Feri ilikuwa ng'ambo, ndiyo kwanza inang'oa nanga. Chini ya gati hapakuwa na kitu ila maji.

Niligonga paa la kabini kwa ngumi. Shemeji akasimamisha gari juu, kabla ya mteremko.

"Wanawake washuke," nikasema. "Waende kwa miguu. Ni amri ya ferini."

Wakalalamika, maana siku ile hakuna karani aliyekuwa akiisimamia amri hiyo, lakini wakashuka, na mke wangu pamoja nao. Nikaenda dirishani kwa mkwe wangu.

"Baba, teremka na wewe."

"Goti hili, mwanangu? Niacheni. Nitashukia humo ndani ya feri."

"Nitakushika mkono. Twende polepole."

Akanitazama. Alikuwa na macho mapole yule mzee, yenye ukungu kidogo wa uzee. "Kwani kuna nini?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Walikuwepo wanawake, alikuwepo mke wangu, walikuwepo watu wa ferini, na jua lilikuwa linanipiga usoni.

"Hakuna neno, baba," nikasema. "Ni kunyoosha miguu tu."

"Basi niache," akasema.

Nikapita upande wa pili, nikamwambia shemeji, "Gia ya kwanza. Usitie ya pili kwa hali yoyote." Akaitikia. Lakini dereva ana mazoea yake, na nyuma yake palikuwa na lori la mawe linampigia honi asogee. Alianza na ya kwanza. Alipofika kama robo ya mteremko nikasikia injini inabadili sauti, nikajua ametia ya pili na kuivisha ule ukambaa, ameurudisha.

Ukambaa haukufaa kitu. Ilikuwa kishindo kimoja kama cha bunduki, kisha injini ikapiga kelele tupu, haikushikana na chochote, na gari likaondoka. Nilimwona shemeji akisimama kwa miguu yote miwili juu ya breki. Nikamwona akiuvuta mkono wa gia, akijaribu kuirudisha, na giaboksi ikatoa mlio ambao sijausikia tena, wa chuma kinachotafunwa. Halafu vile vipande vya beringi vikafika vilipokuwa vinakwenda. Magurudumu ya nyuma yakakwama papo hapo. Kwenye mwani ule, gari likageuka ubavu kama mtu aliyevutwa kanzu, likateleza, likalipiga jiwe la ukingo kwa upande wa dereva na kulala hapo, gurudumu moja la mbele likizunguka juu ya maji.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka mikono mingi, ya watu wa ferini, ya wachukuzi, ya dereva wa lile lori la mawe, tukiinua gari kwa "haya, haya", na shemeji akiwa ndani ameuma mdomo, mkono wake wa kulia uko baina ya mlango na jiwe. Tulipouondoa, ulikuwa umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Mkwe wangu tulimtoa kwa upande wa juu. Paji la uso lilikuwa limepasuka na kanzu imekuwa nyekundu kifuani. Tulimkalisha juu ya mawe yaliyolowa. Akawa anapapasa kichwa, anaulizia kofia yake.

"Kofia yangu i wapi? Nitafutieni kofia yangu."

Nikaitafuta. Nilifurahi kupata kitu cha kufanya.

Shemeji alilazwa hospitali majuma mengi. Boksibodi lilivutwa kwa kamba, likavushwa, likavutwa tena na lori. Nilitaka liende gereji. Mkwe wangu, na kichwa kimefungwa kitambaa, akasema, "La. Lije nyumbani kwangu." Likaletwa Jomvu Kuu likawekwa uani, baina ya boriti na mafungu ya makumbi ya nazi. Asubuhi iliyofuata aliniita. Alikuwa ameketi juu ya kibao, fimbo baina ya magoti.

"Lifungue," akasema. "Nataka kuona."

Nililipandisha kwa jeki na mawe, nikaingia chini, nikaweka karai, nikaifungua nati ya kumwagia oili. Haikumwagika. Ilitoka kwa mafundo, nyeusi, nzito, kama kinyesi cha mgonjwa, na ndani yake vipande vya chuma viking'aa. Nililisukuma karai nje kabla sijatoka mwenyewe, kwani sikutaka kuuona uso wake wakati akiona. Kisha nikasikia kibao kinasogea, na nilipotoka alikuwa ameinama na goti lake bovu, ametia vidole karaini, anasugua, ananusa.

"Hunu si oili," akasema. "Hunu ni unga wa mbao."

"Ndio, baba."

"Aliutia nani?"

"Mimi."

Hakushtuka. Aliendelea kusugua vidole.

"Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa umeshautia?"

"Nilikuwa nimeshautia."

"Na pale gatini nilipokuuliza?"

"Nilijua, baba. Nilijua siku zote."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji wa babake. Sijui alikuwepo tangu lini. Mzee alifuta vidole kwa ukingo wa shuka, polepole, kimoja kimoja.

"Utalitengeneza," akasema. "Sikupi siku. Na likishapona, wa kwanza kushuka nalo gati la Likoni utakuwa wewe, na mimi nitaketi ubavuni mwako." Akajivuta kwa fimbo, akasimama. "Umesikia, fundi?"

Tulipofika nyumbani mke wangu hakupiga kelele. Alivua buibui, akaliangika. Akasema akiwa amenipa mgongo:

"Ulinishusha mimi, ukamwacha babangu."

"Nilimwambia ashuke."

"Ulimwambia anyooshe miguu."

Akaingia jikoni. Neno hilo hakulirudia maisha yake yote. Hakuwa na haja.

Kwa mwenye gereji sikurudi ila mara moja, kuchukua spana zangu. Langoni walikuwepo wale wanaume watatu wanne, na mmoja wao aliingia nilipokuwa ninatoka.

Kazi ya boksibodi ilichukua karibu miezi miwili. Nilitafuta kwenye marundo ya magari ya jeshi huko nyuma ya Changamwe, nikakosa. Mwisho mchukuzi mmoja akanielekeza Mwakirunge, kwenye machimbo ya mawe, ambako palikuwa na lori la kampuni ileile iliyotengeneza gari letu, limetupwa, kuku wanatagia ndani yake. Giaboksi yake ilikuwa na kutu juu lakini ndani oili yake ilikuwa safi kama asali. Nilikaa pale siku mbili nikiifungua. Nilirudi nayo Jomvu juu ya mkokoteni, shafti na gia ya pili na beringi zake zimefungwa gunia, nikaihofia njia nzima kama niliyebeba mtoto mchanga.

Ninachokumbuka zaidi ni kule kuosha. Niliondoa kila kitu ndani ya giaboksi ya boksibodi, nikaisugua kwa mafuta ya taa na brashi. Nikaiacha ikauke. Asubuhi nikapitisha kidole kwenye pembe: unga. Nikaosha tena. Nikaiinamisha juani, ikatoa unga. Mara tatu, mara nne. Ulikuwa umejificha kwenye matundu ya bolti, chini ya beringi, mahali ambapo sikujua oili hufika. Mkwe wangu alikuja kila baada ya sala ya alfajiri, akatazama, akaenda zake. Siku moja nilipomwonyesha kitambaa cheupe nilichopitisha ndani kikatoka cheupe, alikitwaa akakipeleka kwenye mwanga, akanirudishia.

"Osha tena," akasema.

Nikaosha tena.

Siku ya kujaribu, shemeji alikuja kutuaga barabarani. Mkono ulikuwa umefunguliwa plasta, umepona umepinda, hauwezi kunyooka wala kufika mdomoni. Mtu wa gari kama yule, na asingeshika usukani tena. Akanitazama, akasema, "Ya pili usiitie ghafla, shemeji." Hiyo ndiyo lawama yote niliyoipata kwake, na afadhali angenipiga.

Tulivuka kwenda Likoni, mkwe wangu na mimi, na mke wangu nyuma, kwani alisema na yeye atakwenda, wala hakuna aliyemkataza. Tukageuza. Tulipofika juu ya gati maji yalikuwa yamekupwa vilevile. Nafikiri mzee aliichagua saa. Feri ilikuwa ng'ambo. Niligeuka nikamwambia mke wangu ashuke.

"Sishuki," akasema.

Nikatia gia ya pili. Nikaliachia. Niliisikia giaboksi kwa miguu, kwa kiti, kwa meno yangu. Ilikuwa ikinguruma sawasawa, sauti nzito, ya wazi, ya chuma kinachoumana vizuri. Gari lilishuka likijizuia lenyewe, hatua kwa hatua, mpaka mawe yenye mwani, nikasimamisha magurudumu ya mbele yakiwa kidogo tu kutoka majini. Mawimbi madogo yalikuwa yakipiga jiwe la ukingo, na juu yake palibaki mkwaruzo wa rangi yetu.

"Vyema," akasema mzee. "Ahsante, fundi."

Aliliendesha gari lile kwa dereva wa kuajiri miaka kadhaa, na halikumsumbua tena. Nami sikusumbuliwa. Hakunitukana, hakumwambia mtu nje ya nyumba, na nilipompa salamu aliitikia kwa ukamilifu. Tulipata watoto, akawapenda, akawafundisha kuchambua nazi. Sikukuu tulikula kwake. Chakula kikishatengwa, na mimi bado niko uani nikitawadha, nilimsikia akiwatuma wajukuu zake, kwa sauti yake ileile ya upole:

"Muiteni fundi, aje ale."